Picha ya Heshima

Mtaani kwetu Butembo tulikuwa wapiga picha wanne na lekta moja. Lekta ndiyo kile kidude cha kusomea kadi ya kamera: kadi unaichomeka upande mmoja, upande wa pili kuna waya unaoingia kwenye kompyuta, na picha zinahama. Si kikubwa kuliko kiberiti. Nadhani kuna nchi ambako kitu kama hicho kinasahaulika kwenye droo. Kwetu kilikuwa kama kinu cha mtaa: ukikitaka, ujue kiko kwa jirani, na jirani hayupo.

Nilikinunua mimi, na hilo nataka lieleweke. Nilimwagiza mfanyabiashara aliyekuwa akienda Kampala, nikakisubiri wiki sita, kikaja, nikakitumia kwa amani siku nne. Siku ya tano mwenzangu wa kibanda cha pili akanijia na kadi mkononi na uso wa msiba. Baada yake akaja wa tatu, kisha wa nne. Ukikataa, Jumapili utasikia mlangoni pa kanisa kwamba yule mama ana roho ngumu. Nikawaazima. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hawakuwahi kuwa na lekta.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Lakini sikuzaliwa na hasira ile yote. Nyingine nilipewa na lekta.

Kamera yangu ilikuwa imepita mikono mingi kabla ya kufika kwangu. Waya wake haukuja nayo, na kadi yake ilikuwa ya aina ya zamani, nene na fupi, isiyoingia kwenye tundu la kawaida. Ndiyo maana nilihitaji lekta yenye matundu mengi, na ndiyo maana ya jirani yeyote isingenifaa hata kama jirani angekuwa nayo. Kadi yenyewe ilibeba picha arobaini na kitu, basi. Sasa harusi ya kwetu utaimaliza kwa picha arobaini? Kuna maharusi, kuna wajomba, kuna mashangazi, kuna kwaya, kuna keki, kuna keki ikikatwa, kuna keki ikilishwa. Na kila aliyeoga siku hiyo anataka ya kwake, hata kama hakuagiza na hataki kuagiza.

Basi sisi wanne tulikuwa na mbinu. Mtu asiyeagiza akijipanga mbele yako, na huwezi kumkatalia kwa sababu ni mzee, au ni mkubwa wa mtaa, au amekwisha kunywa, unampiga tu. Taa inawaka. Unamwonyesha kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera, anajiona, anafurahi, anakwenda zake. Kabla hajafika kwenye kiti chake umeshabonyeza kale kapipa ka takataka na nafasi imerudi. Tuliiita picha ya heshima. Hatukuona ubaya. Mtu alitaka kutazamwa, akatazamwa. Mimi nilikuwa nimeizoea hata kidole gumba changu kiliijua njia chenyewe, kichwa kikiwa kwenye keki.

Mdogo wangu aliolewa Beni, akakaa komini ya Beu, mtaa mmoja wa mji huo, na mume wake alikuwa mtu wa serikali, karani aliyetumwa huku kutoka Maniema. Mwanzoni sikumpenda. Kwanza hakuwa wa kwetu. Pili hakuwa na haraka, na mimi mtu asiye na haraka ananiwasha mwili mzima. Ukimuuliza swali alikuwa anavua kwanza miwani, anaifuta, anaivaa, ndipo anajibu. Lakini nilipokuwa nikiwatembelea, maji ya kuoga asubuhi alikuwa ananipashia yeye, na Kinande, lugha yetu, alikuwa anajifunza kwa juhudi kuliko watoto wetu wenyewe. Mdogo wangu aliponenepa, nikanyamaza.

Jirani yao mmoja alipomwoza binti, ni shemeji huyo aliyenitafutia kazi. Alikwenda kwa baba wa bibi harusi akamwambia ana yaya yake, yaani dada mkubwa, Butembo, anayepiga picha vizuri kuliko wote wa Beni. Nikapanda gari, nikaenda. Nitalisema hili sasa ili nisilisahau baadaye: kazi ile nilipewa na yeye.

Siku ya harusi alivaa koti la kijivu, moja alilokuwa nalo, na kalamu kwenye mfuko wa kifuani kama yuko ofisini. Alinijia katikati ya shughuli, wakati nimemaliza mashangazi wa pande zote mbili na bado wanalalamika wanataka nyingine.

"Yaya," alisema, "moja tu. Mimi peke yangu. Minataka kuituma kwa mama kule Kindu. Toka nitoke kule, yeye hapana ona tena sura yangu."

"Shemeki, simama pale. Haraka."

Haraka! Alisimama kando ya ua wa maua mekundu. Alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mashangazi walikuwa wananiita. Nilimpiga, nikampa kamera ajione kwenye kioo, akajitazama muda mrefu hadi nikaivuta kamera kutoka mikononi mwake.

"Wasingya, yaya," alisema. Hilo ni asante la kwetu, na alilitamka vizuri.

Kisha keki ikatoka, nikakimbia.

Usiku ule nililala kwao. Asubuhi alinipashia maji, akanibebea begi hadi kituoni, akasubiri gari lijae. Njiani kurudi Butembo watu wenye silaha wakatusimamisha. Sisemi walikuwa wa upande gani, kwa sababu miaka ile pande zilikuwa nyingi na nguo zilifanana. Walichukua simu, walichukua viatu vya dereva, walichukua kamera yangu. Kadi hawakuipata. Nina desturi ya kuitoa kila kazi inapokwisha na kuifunga kwenye pindo la kitenge, kama wamama wa sokoni wanavyofunga chenji. Nilifika nyumbani sina kamera, nina kadi, na nimekasirika kuliko nilivyoogopa. Nikaenda moja kwa moja kuchukua lekta yangu.

Lekta ilikuwa Kyavinyonge.

Mwenzangu wa kibanda cha pili alikuwa ameitwa huko kwa wavuvi, ziwani, kupiga ndoa tatu za wiki moja. Angerudi lini? Mke wake alisema samaki wakiwa wengi ndoa zinaongezeka. Hilo ndilo jibu nililopewa. Nikaifunga kadi tena kwenye pindo la kitenge, nikaanza kusubiri, na baba wa bibi harusi akaanza kunipigia kila siku saa sita kamili, kwenye simu ya kuazima.

Siku ya kumi simu ililia asubuhi, na hakuwa baba wa bibi harusi.

Mshahara wa serikali ulikuwa unakuja unapotaka, kwa hiyo shemeji alilima kakao kama kila mtu wa Beni, nje ya mji kidogo. Siku zile mashamba yalikuwa yameanza kuogopwa. Watu walikwenda kwa makundi, wakarudi mapema, na wengine hawakurudi. Jumanne ile alikwenda na baiskeli kuangalia kama kakao imeibwa. Baiskeli ilirudi, imesukumwa na majirani walioikuta njiani. Yeye hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Hadi ninapoandika maneno haya hajarudi.

Mdogo wangu hakulia kwenye simu. Alieleza yote polepole, kama mume wake. Kisha akaniuliza:

"Yaya, ile siku ya ndoa… shemeki yako, ulimupiga kweli? Picha yake iko?"

Swali hilo lilinichoma. Mtu amefiwa au hajafiwa, hajui, na mimi nilichosikia ni kwamba ananitilia shaka kazi yangu.

"Iko!" nikasema. "Nilimuona na macho yangu mu kioo. Koti, miwani, kalamu iko hapa ku kifua. Kwani nilikuja Beni kucheza?"

"Unaapa, yaya?"

"Ninaapa."

"Sawa. Kama umesema iko, basi iko."

Picha ile ilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa hii. Watu waliotekwa na wenye silaha na kupelekwa porini walikuwa wanatoroka mmoja mmoja, wanafika hospitali wamebaki mifupa. Wake na mama walikuwa wanawasubiri mlangoni na picha mikononi: huyu, umemwona? Mwenye picha alijibiwa ndiyo au hapana. Mdogo wangu alikuwa na maneno tu. Mrefu, mweusi, ana miwani. Kijana mmoja aliyerudi alimjibu, "Mama, miwani njo kitu ya kwanza banavunjaka. Mutu murefu mweusi? Tuko batu bote barefu, batu bote beusi." Alikuwa anasema ukweli, maskini, hakuwa na ubaya.

Na usidhani hatukutafuta picha nyingine. Walioana kabla sijashika kamera, na zile chache za ndoa yao ziliungua na nyumba yao ya kwanza, walipokimbia pembezoni mwa mji. Kadi ya kura alikuwa nayo mfukoni. Ofisini kwake walisema faili lenye picha lilikwenda Goma, na mdogo wangu aandike barua. Mama yake kule Kindu alikuwa na moja, lakini humo yuko na miaka minane, anashika kuku. Hapo ndipo nilipoielewa vizuri methali ya kinyozi hajinyoi. Nimepiga nusu ya Butembo, mpaka watu wa Kayna wananifahamu, na ya mtu wa nyumbani kwetu nilikuwa nayo moja, ndani ya kitu cha ukubwa wa kucha ambacho sikuweza kukifungua.

Kwa hiyo sasa lekta.

Nilimtumia mwenzangu ujumbe Kyavinyonge kwa dereva wa gari la samaki. Haukujibiwa. Nikatuma wa pili, wenye maneno ambayo sitayaandika hapa. Alikuja siku tatu baadaye, anatabasamu, na tilapia watatu wakubwa kwenye kikapu, na hapo nikajua. Mtu haleti samaki watatu kwa heri.

"Mama, usikasirike," alianza.

"Lekta iko wapi?"

Ilikuwa imefungwa kwenye karatasi. Huko ziwani alimwazima mwalimu mmoja, lekta yangu, bila kuniuliza, na mwalimu alichomeka kadi yake juu chini, ikakataa, akaisukuma kwa nguvu za ualimu. Vimeno vya ndani vilikuwa vimepinda vyote, vimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Tulijaribu kuvisimamisha kwa sindano. Viwili vilikatika. Samaki niliwapokea, radhi sikumpa.

Nilikwenda kwenye bureautique moja karibu na soko, nyumba ya kuchapisha barua na kutoa nakala. Kijana mwenye nyumba alisema lekta yake inasoma kila kadi iliyotengenezwa na binadamu. Tulisubiri jenereta iwashwe. Ikawashwa, mafuta yakaisha, yakaletwa, ikawashwa tena. Akaichukua kadi yangu, akaijaribu kwenye tundu, haikuingia. Akaigeuza, haikuingia. Nikamwambia asisukume. Akasukuma kidogo. Nikamwambia tena. Akaifikiria sana, akafungua droo, akatoa wembe.

"Mama, tunaichonga tu pembeni. Kidogo."

Nilimpiga kwenye mkono. Nasema ukweli, nilimpiga, mtu mzima mwenye biashara yake, mbele ya wateja. Niliinyakua kadi nikatoka nje mbio. Nimevuka barabara nyingi zenye watu wenye bunduki na sikuwahi kukimbia vile. Kuichonga! Kama ukucha!

Jioni zote mdogo wangu alikuwa anapiga simu. Hakuwa ananisukuma, na hilo ndilo lililonisumbua. Aliuliza habari za nyumbani, aliniambia nani amerudi kutoka porini na nani hajarudi, kisha mwishoni, kwa sauti ndogo, "Na lekta?" Mimi nilikuwa namwaga hasira zote: mwalimu, wembe, jenereta, serikali, ziwa. Alisikiliza hadi mwisho. "Pole, yaya," alikuwa anasema. Yeye ananipa pole mimi.

Hatimaye ni yeye mwenyewe aliyeipata. Kwenye soko la Beu kulikuwa na Hadji mmoja mwenye duka la redio na simu, familia yake ni wasafirishaji, mizigo yao inapita mpaka wa Kasindi. Alikuwa ameletewa lekta yenye matundu saba. Mdogo wangu alimchorea umbo la kadi yangu kwa kidole kwenye vumbi la kaunta, kama nilivyomweleza kwenye simu, na Hadji akasema hiyo inaingia.

Nilipanda gari la asubuhi. Kilomita hamsini na kitu, na vizuizi sijui vingapi. Kwenye kila kizuizi nilishuka, nikaonyesha kadi ya kura, nikapanda. Kwenye kimoja askari kijana aliuliza kwa nini nimekunja uso. Nikamwambia huu ndio uso wangu. Akacheka, akasema kwa Kilingala, "Likambo te, mama," hakuna neno, nipite.

Nilifika Beu saa sita na nusu, mdogo wangu akanipokea na mtoto wake wa mwisho mgongoni, tukaenda mbio hadi dukani. Duka limefungwa. Ilikuwa Ijumaa.

Siku zote za juma zipo, na mimi nimechagua Ijumaa saa sita na nusu. Tulikaa kwenye ngazi ya duka, juani. Nilimlaumu mdogo wangu kwa kutonikumbusha, nikajilaumu, nikalaumu dereva. Mdogo wangu alimnyonyesha mtoto. Alikuwa amekonda sana.

Hadji alirudi bila haraka, kanzu nyeupe, akatusalimia kwa kirefu, akauliza habari za Butembo, akauliza habari za njia. Nilijibu kwa neno moja moja. Alileta viti. Aliagiza chai. Nilimwambia hatuhitaji chai, akasema mgeni haambiwi anahitaji nini. Aliwasha jenereta. Aliichukua kadi, akaifuta kwa pamba, pande zote mbili, akaishika mbele ya taa.

"Hadji, tafadhali," nilisema.

"Mama, haraka haraka haina baraka. Hii kitu iko na umri."

Kadi ikaingia. Haikusukumwa, haikugeuzwa, iliingia yenyewe kama mtu anayerudi nyumbani, na taa ndogo nyekundu ikaanza kupepesa. Nilimshika mdogo wangu mkono. Baada ya siku zote zile nilitaka kulia, tena kwa furaha.

Kompyuta yake ilikuwa ya zamani, ikafungua picha moja moja, kila moja ikishuka polepole kutoka juu kama pazia. Na Hadji akawa anazisifu. "Masha Allah, bibi harusi." Sawa. "Huyu babu yake? Amefanana." Sawa, Hadji, endelea. Mashangazi wa upande mmoja. Mashangazi wa upande wa pili. Ninajua mpangilio wa kazi yangu: baada ya mashangazi ni yeye.

"Huyu anayekuja," nilimwambia mdogo wangu. "Tazama sasa."

Pazia lilishuka. Ilikuwa keki.

"Rudi nyuma, Hadji."

Akarudi. Mashangazi.

"Mbele."

Keki.

Aliangalia kando, mahali pa namba za picha. Alikuwa mtu makini, Mungu ambariki, na ningependa siku ile angekuwa mjinga. "Mama, hapa namba inaruka," alisema. "Ishirini na sita, kisha ishirini na nane. Na huku juu pia inaruka, na huku. Hizi zilifutwa."

Nilisema kadi imeharibika. Nilisema yule wa bureautique aliisukuma.

"Hapana, mama. Carte ni nzima. Machine hapana chaguaka ya kufuta. Hii ni mutu alizifuta, ndani ya kamera mwenyewe." Kisha, kwa kutaka kunisaidia, akaongeza kwamba iliyofutwa mara nyingine hurudishwa, ana rafiki anayejua, ila tu kama hakuna nyingine iliyoandikwa juu yake. Akahesabu. Kadi ilikuwa imejaa hadi mwisho. Mahali pa ile ya ishirini na saba palikuwa pamekwisha kuandikwa kitu kingine.

Nilikuwa nimeketi nikitazama keki ile ya ghorofa tatu, na kidole gumba changu kwenye paja, na nikakikumbuka. Sikukumbuka kwa kichwa. Kidole kilikumbuka. Anasema wasingya, anageuka, mashangazi wanaita, keki inatoka, na kidole kinateremka kwenye kale kapipa. Shemeji yangu hakuwa ameagiza.

Tulizitazama zilizobaki zote, hadi ya mwisho, labda amepita nyuma ya mtu. Hakupita. Siku ile alikuwa anabeba viti, na viti hatupigi.

Tulirudi kwa miguu. Mdogo wangu alitembea mbele kidogo, mtoto amelala mgongoni, na mimi nikaanza kusema, kwa sababu mimi nikishindwa huwa nasema.

"Yule wa bureautique! Namwambia usisukume, anasukuma. Na yule wa Kyavinyonge, kama angeniuliza kwanza, kama angeniuliza tu—"

"Yaya."

"—lekta yangu mwenyewe, niliyoinunua mimi—"

"Yaya, wacha. Minajua."

"Unajua nini?"

Hakugeuka.

"Ile siku ya ndoa, tuliporudia ku nyumba, alivua koti akaanza kucheka peke yake. Nikauliza: mais unacheka nini? Akasema: yaya yako amenipiga picha ya bure. Nimeona kidole yake inafuta, nikiwa bado karibu."

Nilisimama katikati ya njia. Pikipiki ilipiga honi, nikaitukana, nikasogea.

"Ulijua," nilisema. "Ulijua siku zote, na ukaniacha nizunguke Butembo nzima na kakadi kwenye kitenge!"

"Nilikuuliza ku simu, yaya. Ulisema iko. Nikakuuliza kama unaapa, ukaapa. Donc nikasema labda njo yeye aliona vibaya. Miwani yake ilikuwa ya zamani."

Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge. Nilitaka kumwomba msamaha na kilichotoka kikawa hasira, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Na siku ile ile, mbona hukuniambia? Nililala kwenu! Kamera ilikuwa juu ya meza yenu usiku kucha! Asubuhi alinipeleka hadi kituoni, tulisubiri gari saa nzima, ningefuta keki nikampiga kumi! Mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema. Yeye njo alinikataza." Sasa aligeuka, akanitazama, wala hakuwa amekasirika. "Alisema: usimuambie yaya, atasikia aibu."